Kompyuta yasema masaa 9, mume katumia 31!

Mwezi huu tuongee kuhusu umbali. Sio ule wa watu wawili kulala kitanda kimoja kila mmoja kageukia ukuta wake, huo tumeshaujadili sana humu na bado meseji zake zinaingia. Nazungumzia umbali wenyewe, wa kilomita, wa ndege, wa mtu kupanda juu mawinguni na kukuachia mto wenye harufu ya nywele zake.

Kabla sijaenda mbali, walimu wa Kiswahili mnisamehe. Humu ndani nitasema "masaa" nikiwa na maana ya muda uliotumika, na "saa" nikiwa na maana ya ile ya ukutani. Vinginevyo tutachanganyana kama shemeji yangu mmoja, aliyeona tiketi ya mkewe imeandikwa 07:00 akaenda eapoti saa 7 mchana, mkanda mpya, maua mkononi. Wenzenu wa ndege wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 07:00 yao ni saa 1 asubuhi yetu. Mke alikuwa ameshakaa juu ya begi masaa sita. Yale maua hayakupokelewa.

Turudi kwenye mada. Siku hizi ukitaka kujua London ni mbali kiasi gani huna haja ya kumsumbua wakala wa tiketi. Unaandika miji miwili kwenye simu, unabonyeza, jibu hilo hapo: Dodoma hadi London kilomita 7,260 hivi, muda wa kuruka masaa 9. Roho inatulia, unaona kumbe sio mbali kihivyo, mtu anaweza kunywa chai kwako na kula chakula cha usiku kwake.

Sasa elewa ile namba imepatikanaje. Chukua mpira wa watoto, weka alama mbili, halafu vuta uzi ukaze kutoka alama moja hadi nyingine. Huo uzi ndio njia fupi kuliko zote juu ya kitu cha mviringo, na ndio kompyuta inaupima. Halafu inagawa kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita kama 850 kwa saa, inapata masaa nane na nusu, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Haijauliza kama kuna ndege inayopita hapo. Haijui foleni, haijui uhamiaji, haijui kwamba mwenzio kanunua tiketi ya bei nafuu. Imepima uzi tu.

Na kwa sisi wa Dodoma uzi huo una kichekesho chake. Ukipima vizuri, Dar es Salaam iko mbali zaidi na London kuliko Dodoma. Dar ni kilomita 7,490 hivi. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anayekwenda London anaanza safari kwa kuipa London mgongo, anaruka kilomita 390 kuelekea baharini, ndipo ageuze. Ni kama kutoka Kisasa kwenda Nkuhungu ukaambiwa upitie kwanza Ihumwa.

Zamani haikuwa hivyo, na hili huwa napenda kuwaambia wale wanaodhani Dodoma imeanza kujulikana juzi. Mwaka 1932, kampuni ya Waingereza ya Imperial Airways ilipofungua njia ya London hadi Cape Town, ndege zake zikitoka Nairobi zilipita Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Dodoma! Dar haikuwemo, ilikuja kuingizwa mwaka 1937 njia ilipohamia pwani kwa sababu walileta ndege za kutua majini. Lakini usije ukaona wivu. Safari nzima mpaka Cape Town ilikuwa siku zipatazo 11, kipande cha Ulaya unakimaliza kwa treni, bahari ya Mediterania unaivuka kwa ndege ya majini, na usiku mnashuka kulala. Mke wa mtu wa enzi hizo hakuwa na kompyuta ya kumwambia masaa 9. Alingoja tu.

Namtaja mke kwa sababu mwezi uliopita niliandikiwa na dada mmoja wa hapa hapa mjini. Ameniruhusu niitumie habari yake mradi nisimtaje. Mumewe yuko London, anasoma shahada ya uzamivu, mwaka wa pili sasa. Alikuja likizo Desemba, mara ya kwanza baada ya miezi 14. Dada alijiandaa, nyumba ikapigwa rangi, nywele zikasukwa, mapazia yakabadilishwa. Mume akamwambia anatoka chumbani kwake Alhamisi saa 5 asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa 8 mchana. Akaingia nyumbani Ijumaa saa 3 usiku.

Dada ni mhasibu. Akakaa chini akapiga hesabu. Kutoka saa 8 mchana Alhamisi hadi saa 3 usiku Ijumaa ni masaa 31. Kompyuta inasema 9. Akaniandikia hivi, nanukuu kwa ruhusa yake: "Dada, masaa 22 mume wangu alikuwa wapi? Na kwa nini simu ilikuwa haipatikani usiku kucha?"

Usicheke. Mtu aliyekaa miezi 14 peke yake haulizi swali la kijinga, anauliza lile alilonalo. Nikamwomba anitumie picha ya tiketi, maana alishaikuta kwenye mfuko wa koti, na mjue hakuwa akitafuta sindano humo mfukoni. Tukaanza kuyatafuta masaa yake moja moja, kama polisi.

Kutoka chumbani hadi Heathrow kwa treni ya chini ya ardhi na begi mbili, weka saa moja na nusu. Uwanjani unatakiwa ufike masaa matatu kabla. Hapo masaa manne na nusu yameshakwenda na jamaa bado anaona mvua ya Uingereza kupitia kioo. Ndege ikaruka saa 9:30 alasiri ya kule, yaani 12:30 jioni yetu, kwenda Doha. Masaa sita na dakika 45. Akatua saa 7:15 usiku, na hapo saa ya Doha na ya Dodoma ni moja, kwa hiyo hakuna cha kujumlisha wala kutoa. Ndege ya Dar ilikuwa saa 2:15 asubuhi. Masaa saba, mpenzi msomaji! Saba ya kukaa kwenye kiti cha chuma. Ndio bei ya tiketi nafuu, kiasi unachookoa mfukoni unakilipa kwa mgongo.

Doha hadi Dar masaa sita mengine, akatua saa 8:15 mchana. Uhamiaji, mizigo, forodha, saa moja na nusu. Ndege ya Dodoma ilikuwa saa 1 jioni, kwa hiyo akakaa tena masaa matatu na robo. Akaruka saa moja na dakika kumi. Akatua, akangoja begi, akapata teksi, akafika kwake. Jumlisha uone. Thelathini na moja kamili! Hata dakika haikubaki. Angani alikuwa kwa masaa 14 kasoro dakika tano, yaliyobaki 17 alikuwa chini, kwenye foleni au kwenye kiti. Na kilomita alizoruka ni 9,400, sio 7,260. Hiyo ziada peke yake ni sawa na kuruka Dodoma hadi Dar mara tano na nusu.

Wengi mnaniuliza kwa nini asipande ndege ya moja kwa moja. British Airways walikuwa wanaruka Dar hadi London bila kusimama, wakaacha mwaka 2013, na wengi wetu tangu hapo tumezoea kuunganisha Doha, Dubai, Addis Ababa, Istanbul, Amsterdam au Nairobi. Na kutoka Dodoma yenyewe ndiyo usiote kwanza. Kiwanja chetu cha mjini kimezungukwa na nyumba, barabara yake ya kurukia ni fupi kwa ndege kubwa iliyojaza mafuta ya kuvuka mabara, na tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na mchana wa Oktoba jua linapowaka inakuwa nyepesi zaidi, ndege inahitaji kukimbia mbali kabla haijashikwa na upepo. Kile kiwanja kipya cha Msalato, ambacho Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikiidhinishia mkopo Desemba 2019, kimesanifiwa na barabara ya kurukia ya kilomita 3.6 kwa sababu hizo hizo. Lakini barabara ndefu haileti ndege peke yake. Ndege inafuata abiria, na wachumba wa Dodoma walioko London hawajazi hata bajaji tatu kwa siku.

Basi nikamjibu yule dada kwamba kwa upande wa masaa mumeo hana kesi. Kuhusu simu, laini yake ni ya Uingereza, na akiwa Doha nje ya mtandao wake inaweza kuwa imekufa kabisa, labda apate intaneti ya uwanjani. Usiku wa manane mtu aliyechoka anafunga mkanda wa begi mkononi na kulala. Inawezekana kabisa. Siwezi kumwapia, mimi sikuwepo Doha.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini nilirudi nikaisoma meseji yake mara ya pili, na kule chini kabisa, baada ya "asante dada, Mungu akubariki", alikuwa ameandika mstari mmoja bila hata nukta: "siku hizi hata akinipigia anakuwa anatembea kwenda dukani"

Jamani. Swali lenyewe ndilo hilo. Yale masaa 22 yalikuwa koti tu.

Naliongelea hili kwa sababu nalijua kwa mwili wangu, ingawa langu lilikuwa fupi zaidi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu kuanzia 2016, mimi nililetwa na wizara mwaka uliofuata, mume akabaki Dar na kazi yake ya benki. Miaka mitatu. Kwa ndege ni saa moja na kidogo, kwa basi masaa manane na magari yakikaa vibaya ni kumi. Watu walituambia "aah, Dar tu hapo". Hiyo "hapo" ndiyo iliyovunja nyumba nyingi kuliko London, naamini hivyo na nitabishana na yeyote. Anayeagana na mtu wa London anajiandaa, analia, wanapangiana siku za kupigiana, ndugu wanaombea. Anayeagana na mtu wa Dar anasema "Ijumaa basi". Ijumaa inakuja na kikao. Ijumaa ya pili nauli imelipia ada. Ya tatu mtu anasema amechoka, na kweli amechoka. Hakuna aliyefanya kosa, ila mnakuja kushtuka mtoto anamwamkia baba yake kama anavyomwamkia mgeni.

Sisi tulipona kwa kitu kidogo. Kila Jumatano, saa 3 usiku, tulikuwa tunapigiana simu na kila mmoja lazima awe amekaa. Amekaa chini, kwenye kiti, hafanyi kingine. Kwanza tuliona utoto. Halafu tukagundua mtu akikaa anaanza kusema yale ambayo akitembea hayasemi. Nilijua habari za deni lake kwenye kiti. Naye alijua kwenye kiti kwamba nilikuwa nimeshaanza kuipenda Dodoma kuliko nilivyokuwa namwambia. Leo vijana wana treni ya SGR, tangu Rais Samia alipoizindua Agosti 1, 2024 mtu anatoka Dar anafika Dodoma kwa masaa yasiyozidi manne, na Jumapili jioni ile treni imejaa wake za watu na waume za watu wenye vyombo vya chakula mapajani. Nawaonea wivu, kusema kweli.

Kwa yule dada nilianza na hesabu, kwa sababu yeye ni mtu wa hesabu. London wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa masaa matatu, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba ni mawili. Yeye analala saa 4 usiku kwa sababu gari la wafanyakazi la kwenda Mtumba halimsubiri mtu. Saa 4 ya hapa ni saa 1 ya kule, muda ambao mume ndiyo anatoka maktaba na maduka yanakaribia kufungwa. Kwa hiyo inawezekana anapiga akitembea kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyobaki kati ya usingizi wa mke na njaa yake. Aliye na mwenzake Muscat hana shida hiyo, saa moja tu mbele na umbali ni kilomita 4,100. Aliye na wa Guangzhou yuko mbali zaidi ya London, kilomita 9,000, na kule wako mbele kwa masaa matano, ukimaliza kula wewe mwenzio yuko usingizi wa pili.

Au pia inawezekana anatembea kwa sababu mtu anayetembea ana njia ya kukata simu. "Nimefika kaunta, nitakupigia." Sijui ni lipi kati ya haya mawili, na kompyuta haijui. Anajua mtu mmoja, na wakati ananiandikia alikuwa amelala chumba cha pili, likizo yake imebaki siku tisa.

Nikamwambia asimuulize habari za masaa tena. Alishamuuliza, tena usiku ule ule aliofika! Mtu katoka kuhojiwa na uhamiaji, anafika kwake anakutana na uhamiaji wa pili. Jamani wanawake wenzangu, na nyie kina kaka mnaopokea wake zenu, mtu aliyekaa njiani masaa 31 anapewa maji ya moto, ugali na mlenda, halafu analala. Kesi ina miguu, haikimbii, kesho utaikuta. Nikamwambia achague jioni moja, watoto wakiwa kwa bibi yao, wakae, asiseme "umebadilika", maana hilo ni neno ambalo kila mtu analijibu kwa "hapana". Aseme alichokiona: "Tangu Agosti unanipigia ukiwa barabarani. Nakosa kukusikia umekaa." Halafu anyamaze. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu, mimi mwenyewe huwa nahesabu moja hadi ishirini kwa Kigogo ninachojifunza, na mara nyingi kabla sijafika kumi mtu ameshaanza kuongea.

Na la pili, ambalo wengi hatulisemi. Wamekuwa wakijadili mwaka mzima mume atakuja lini. Hawajawahi kujadili yeye aende. Nyumba ya Iyumbu iko kwenye lenta, inasubiri mbao na bati, na kila shilingi inayopatikana inakwenda kule. Namwelewa, bati ni bati. Ila nilimuuliza ile nyumba wanamjengea nani.

Alikaa kimya siku nne. Mume alikuwa ameshaondoka. Hakuniambia kama waliongea, wala kama alikaa au alisimama, na mimi sikuuliza. Aliandika swali moja tu: ukipitia Addis Ababa badala ya Doha, inakuwaje?

Nikamjibu kwamba ni fupi zaidi, jumla kama kilomita 8,050 kutoka Dodoma, kwa sababu Addis iko karibu zaidi na ule uzi kuliko Doha. Dar hadi Addis masaa kama matatu, Addis hadi London kama manane. Akate tiketi mapema, aangalie muda wa kungoja kabla hajaangalia bei, na kipande cha Dodoma hadi Dar asikibane, aondoke asubuhi hata kama ndege kubwa ni ya usiku. Viza aanze nayo sasa hivi. Na achukue koti zito, Februari kule sio ya mchezo.

Tukutane mwezi ujao.